Sola kwenye nyumba ya fezi tatu: waya mbili nyekundu zilizotuponza msikitini

Stima ilipotea katikati ya taraweh, Ramadhani ya mwaka 2024, na kwa mara ya kwanza msikiti wetu hapa Junda haukuingia kiza. Kijana wa msikiti alikimbilia chumba cha bodi, akashusha swichi kubwa, akapandisha swichi mpya iliyoandikwa SOLA kwa kalamu ya wino mzito, na feni zikarudi kuzunguka kabla imamu hajafika kwenye rukuu. Watu walifurahi, na haki yao. Pesa zile zilichangwa kidogo kidogo, shilingi hamsini hapa, mia pale, baada ya kiza cha usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, nchi ilipozimika karibu nzima na sisi tukakosa hata maji ya udhu wa alfajiri.

Kilichonishtua mimi usiku ule ni hayo hayo maji. Baada ya witri nilikwenda birikani nikakuta mifereji inatoa matone. "Mwanangu," mzee mmoja wa kamati akaniambia, "taa zawaka, feni zazunguka, lakini pampu haivuti. Itakuwa imekufa."

Nikaenda kuisikiliza. Swichi ya kuwashia mota iligonga tak kama kawaida yake, kisha kimya. Mota inayokufa ina namna yake ya kufa: hunguruma, hunuka, hukata fyuzi. Hii ilikuwa kama kwamba haikuunganishwa na chochote. Nikafungua bodi kwa mwangaza wa simu, nikaona vipande viwili vya waya mwekundu. Kimoja kimetoka fezi ya kwanza kwenda ya pili, na kingine kimetoka ya pili kwenda ya tatu.

Mimi si mwandishi kwa kusomea. Nilisoma stima, diploma, Mombasa Poly kabla haijawa chuo kikuu, na nimefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini kabla na baada ya kuanza kuandika safu hii. Kwa hivyo nilipoziona waya zile nilijua mara moja fundi alifanya nini na kwa nini pampu imenyamaza. Nilimwambia mzee yule kuwa lazima zitolewe. Akasema, "Basi tusubiri Idi ipite, tusiwakoseshe watu mwangaza." Nikakubali, na hapo ndipo nilipokosea.

Siku nne baadaye stima ilirudi usiku, watu wameshatawanyika. Kijana yuleyule alikwenda kupandisha swichi kubwa, akasahau kwanza kushusha ile ya SOLA. Mlipuko ulisikika mpaka dukani ng'ambo ya njia. Swichi kubwa ilitoka moshi, ukuta ukawa mweusi, na mkono wa kijana ukaungua kutoka vidole hadi karibu na kiko. Alhamdulillahi macho yalisalimika.

Tangu wakati huo nimeulizwa maswali haya na wenye nyumba za kupangisha, na fundi wa kuchomelea vyuma hapa Mishomoroni, na mama mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi. Wote wana kitu kimoja: mita ya fezi tatu. Na wote wameambiwa na muuzaji wa sola kwamba ni rahisi. Basi leo nieleze kwa urefu.

Kwanza ujue kama jambo hili lakuhusu. Nyumba ya kawaida huletewa waya mbili kutoka kwenye nguzo: mmoja wa moto na mmoja wa nyutro, na kati yao ni volti 240. Nyumba ya fezi tatu huletewa waya nne: mitatu ya moto na nyutro moja. Ukitazama swichi kubwa karibu na mita utaona ina vidole vitatu au vinne vilivyofungwa pamoja. Ukipima kati ya waya wowote wa moto na nyutro utapata 240. Ukipima kati ya waya mmoja wa moto na mwengine utapata 415. Hiyo nambari ya pili ndiyo roho ya maneno yangu yote ya leo.

Mbona 415 na si 480, na mbona si sifuri? Waliolelewa na bibi zao watakumbuka wanawake watatu wakitwanga kinu kimoja. Hawapigi pamoja. Mchi wa kwanza ukiwa chini, wa pili unashuka, wa tatu uko juu, na kinu hakipumziki. Fezi tatu ni hivyo hivyo. Kila moja hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, lakini kila moja huanza theluthi moja ya mzunguko baada ya mwenzake. Kwa sababu hazipandi pamoja, kati yao kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo 415 inayozungusha mota. Mota ya fezi tatu haihitaji nyutro, inahitaji zamu.

Sasa fundi wetu. Alinunua inveta ya kilovolti-ampea 5, inayotoa fezi moja, yaani mtwangaji mmoja. Akakuta msikiti umegawanywa: taa na feni za wanaume ziko fezi ya kwanza, upande wa kina mama na madrasa uko ya pili, vipaza sauti na soketi viko ya tatu. Badala ya kuhamisha nyaya, akaziunganisha fezi zote tatu kwa vile vipande viwili vyekundu, akazilisha zote kwa inveta moja. Taa haijui zamu, yenyewe yataka 240 tu, kwa hivyo taa zote ziliwaka. Lakini michi mitatu sasa ilikuwa ikipanda na kushuka pamoja. Kati ya fezi na fezi hakukuwa na 415 tena, kulikuwa na sifuri. Pampu ilipewa sifuri ikanyamaza.

Na mlipuko? Vile vipande viwili havikuondoka stima iliporudi. Kijana alipopandisha swichi kubwa, fezi tatu za Kenya Power, zenye 415 kati yao, zilikutana uso kwa uso kupitia waya mfupi wa shaba. Hiyo ni shoti kamili ya fezi kwa fezi, na nyuma yake kuna transfoma ya mtaa mzima. Hakukuwa na kizuizi chochote cha kuifanya swichi moja ikatae kupanda wakati nyingine iko juu. Kila kitu kilitegemea kumbukumbu ya kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa amefunga mchana kutwa.

Kuna hatari ya pili katika kuunganisha fezi ambayo haipigi kelele, na mimi huiogopa zaidi. Tuseme kila fezi imebeba ampea 15. Kwa stima ya kawaida, zikiwa sawa, nyutro inarudisha karibu sifuri, kwa sababu mmoja anapopandisha mwengine anashusha, zinafutana. Ukiziunganisha ziwe moja, hakuna kufutana. Nyutro inarudisha 15 na 15 na 15, jumla 45, kwenye waya uleule uliochaguliwa kwa hesabu ya fezi tatu. Breka haitakuokoa, kwa sababu breka ziko kwenye waya za moto na kila mmoja wazo uko salama na 15 yake. Inveta ndogo kama yetu haiwezi kutoa zaidi ya ampea 21 hivi, kwa hivyo mwanzoni huoni kitu. Lakini mwaka wa pili mtu ataongeza inveta kubwa, waya mbili nyekundu zitabaki palepale, na nyutro itaanza kupata moto ndani ya ukuta.

Nyutro ya fezi tatu ikikatika, usiombe. Volti huacha kugawanyika sawa. Fezi yenye vitu vingi hushuka na ile yenye vitu vichache hupanda, pengine ikakaribia 415, na runinga na friji za upande huo huaga dunia pamoja. Sisi wa pwani tuna adui wa ziada: hewa ya chumvi. Hapa Junda, karibu na mikoko na maji ya hori la Tudor, skurubu ya shaba hugeuka kijani haraka. Skurubu ya nyutro ikaguliwe na kukazwa kila mwaka, sola iwepo isiwepo.

Basi njia sahihi ni ipi? Naona tatu, na kila moja ina mwenyewe.

Ya kwanza ndiyo tuliyoifuata sisi, na ndiyo ninayowashauri wengi wenye mfuko mdogo. Usijaribu kuendesha nyumba nzima. Kaa chini na karatasi, andika kila kitu ambacho ni lazima kiwake stima ikipotea: taa, feni, kipaza sauti, intaneti, friji ya dawa kama ipo. Hivyo vitu vihamishiwe kwenye bodi ndogo ya pembeni yenye nyutro yake peke yake, na bodi hiyo ilishwe na inveta ya fezi moja. Inveta yenyewe hupokea stima kutoka fezi moja ya Kenya Power, na hiyo fezi ikipotea hugeuka yenyewe kwenda kwenye betri bila ya mtu kugusa swichi. Ile mota kubwa, mashine ya kuchomelea, eyakondishena, vibaki kwenye bodi kubwa na visubiri stima irudi. Kazi ya kuhamisha nyaya ilichukua siku mbili. Fundi wa kwanza aliikwepa kazi hiyo ya siku mbili, na mimi ndilo nisilomsamehe, maana ujinga husameheka.

Nasisitiza nyutro yake peke yake. Waya wa moto wa bodi ndogo ukirudia nyutro ya bodi kubwa, breka za usalama zinazolinganisha kinachokwenda na kinachorudi zitakuwa zikikata kila mara, na fundi mvivu ataziondoa akwambie zimeharibika. Tena inveta inapojitenga na gridi, nyutro yake inaweza kubaki inaelea bila kushikana na ardhi. Muulize fundi inashikana wapi. Jibu linatakiwa liwe mahali pamoja tu, na anatakiwa aweze kukuonyesha kwa kidole.

Njia ya pili ni inveta tatu za fezi moja zinazofanya kazi kama kundi. Hii yafaa nyumba ya kupangisha, ambapo kila ghorofa tayari iko kwenye fezi yake. Hazitoshi kuwa tatu. Lazima ziwe za muundo mmoja, ziunganishwe na waya wa mawasiliano, na kila moja ielezwe nafasi yake kwenye mpangilio. Katika aina iliyoenea sana hapa kwetu utaona zikiandikwa 3P1, 3P2 na 3P3 kwenye kioo. Hapo ndipo watwangaji wanaposikilizana. Ukinunua inveta tatu ukazifunga bila kuziambiana, ni wanawake watatu wanaotwanga wamefumba macho: volti kati ya fezi itakuwa ikitangatanga kutoka sifuri hadi 480 na kurudi, na mota itatetemeka mpaka iungue.

Kwa njia hii mambo mawili huwashangaza watu. Inveta moja kati ya tatu ikipata hitilafu, katika mifumo mingi zote tatu husimama. Na tatu za 5 si 15 mahali popote upendapo. Ni 5 kwa kila fezi. Mpangaji wa ghorofa ya pili akiwasha jagi la stima na pasi kwa pamoja, fezi yake inazidiwa hata kama wa juu na wa chini wamelala.

Ya tatu ni inveta moja iliyotengenezwa kwa fezi tatu. Ni nadhifu, na kwa mwenye mashine ya kusaga au tanuri la mikate ndiyo ya kutazamwa kwanza. Lakini soma vizuri: ya kilowati 12 kwa kawaida ina maana ya 4 kwa kila fezi, nyengine huruhusu zaidi kidogo upande mmoja. Na mota ikianza huvuta mara tano hadi saba ya kawaida yake kwa sekunde chache. Mota ya kilowati 4 inaweza kuiangusha inveta ya 12 kila asubuhi, na muuzaji hakukwambia kwa sababu hukumuuliza mota inaanzaje.

Yule mama wa mashine ya kusaga nilimpa jibu ambalo hakulipenda: mota yake ni kubwa kuliko mfuko wake wa betri. Lakini yeye husaga mchana jua likiwa kali, kwa hivyo kuna inveta ya fezi tatu isiyo na betri, inayosaidiana na stima ya Kenya Power na kupunguza bili. Sharti alijue jambo moja: stima ikipotea, hiyo nayo huzima, hata saa saba mchana jua la utosini. Imeundwa hivyo makusudi.

Makusudi yenyewe ni mtu aliye juu ya nguzo. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Inashusha maelfu ya volti hadi 240 kuja kwako, na ukiisukumia 240 kutoka nyumbani itapandisha irudi kuwa maelfu. Fundi wa Kenya Power amekata waya upande wa juu, anaamini ni mfu, na sola yako inaupa uhai. Mara nyingi inveta huzidiwa na mzigo wa majirani ikajizima, lakini kama waya umekatika karibu na kwako na majirani ni wawili tu, inaweza kustahimili. Ndio maana swichi mbili bila kizuizi, kama zile za msikitini, ni kosa hata kwa nyumba ya fezi moja. Kama ni lazima ubadilishe kwa mkono, iwe swichi moja yenye nafasi tatu, stima, kati, sola, isiyoweza kuwa pande mbili kwa wakati mmoja, na ikate na nyutro pia.

Kuna suala la mita, nalo nitalipita haraka. Wengi wetu tuko kwenye tokeni. Inveta ikizalisha zaidi ya unachotumia, ziada hutoka nje, na baadhi ya mita za tokeni huhesabu kinachotoka kama kilichoingia: unatoa stima yako na unailipia. Kuzuia hilo, inveta hufungiwa vile vibanio vinavyozunguka waya karibu na mita kupima mwelekeo. Kwenye fezi tatu ni vibanio vitatu, kila kimoja kwenye fezi yake, kwa mpangilio uleule wa inveta, na mshale ukitazama upande sahihi. Kimoja kikigeuzwa, inveta inasoma kinyume kwenye fezi hiyo na bili inapanda badala ya kushuka. Nimekuta hivyo mara mbili, na mara zote mbili mwenye nyumba alishaambiwa paneli ni mbovu. Kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu kurudisha ziada kwenye gridi na kupewa nusu ya yuniti hizo kama punguzo kwenye bili, si pesa mkononi, lakini hilo ni kwa mkataba na mita ya pande mbili, si kwa kujifungia.

Leseni nazo. EPRA hutoa leseni za mafundi wa stima kwa madaraja, na za sola kwa madaraja. Kwa mfumo ulioungwa na gridi, fundi wa sola ni wa daraja la T3. Muombe akuonyeshe kadi. Fundi wa kweli hachukii kuulizwa. Fundi wetu tulimtafuta kwa sababu alikuwa rahisi na alikuwa na video nzuri kwenye simu.

Kwa wale wasioweza kushika yote haya, chukueni kipimo kimoja. Siku fundi anapokabidhi kazi, mwambie azime swichi kubwa, awashe sola, kisha apime kati ya fezi na fezi kwenye kila bodi inayolishwa na sola. Mfumo wa fezi tatu lazima uonyeshe karibu 400 hadi 415 kwa jozi zote tatu. Bodi ndogo ya fezi moja haina jozi ya kupima. Ukiona sifuri kwenye bodi yenye fezi tatu, kuna waya zimeunganishwa. Usimlipe.

Na pampu yetu? Ilikuwa ya juu, si ya kuzama kisimani, ya kilowati 1.1, na kwenye kibao chake iliandikwa 240/415. Mota ya namna hiyo inaweza kubadilishwa nyaya zake za ndani ikakubali fezi tatu za 240. Tukafunga draivu ndogo inayopokea fezi moja kutoka bodi ya sola na kuitengenezea mota fezi zake tatu zenye zamu. Inaanza polepole, haivuti kwa pupa, na betri haishtuki. Maji ya alfajiri sasa yapo.

Kijana mkono wake umepona, ngozi imebaki na rangi mbili. Bado ndiye anayeshughulikia chumba kile. Juzi nilimkuta akimwonyesha mwanafunzi wa madrasa jinsi ya kupima 240, kidole kimoja mbali na kingine, kama nilivyomfundisha. Zile waya mbili nyekundu ameziweka juu ya kabati ya misahafu. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Ami, za kumwonyesha fundi mwengine akija."